Masomo ya biostatistiki: kusoma namba za afya yetu siye wenyewe

Kila mwisho wa mwezi, katika vituo vya afya vya Beni, Rutshuru, Uvira, Bunia ao Kalemie, kuna kazi moja inayofanana. Muuguzi titilere anafungua marejista yake, anahesabu wagonjwa wa malaria, watoto waliochanjwa, wamama waliokuja CPN, waliozaa na waliokufa. Anaandika namba hizo kwenye kanevasi ya SNIS, kisha kanevasi inaenda kwenye ofisi kuu ya zoni ya afya. Pale zinaingizwa kwenye programu ya DHIS2. Inchi yetu ina zoni za afya 519, na zote zinatuma namba kwa njia hiyo.

Kwa hiyo namba ziko, na ni nyingi. Wauguzi wanakesha juu ya kuzijaza. Wenye kujua kuzichambua ndio wachache: kujua namba gani ni ya kuamini, gani inadanganya, na uamuzi gani unaweza kuchukuliwa juu yake. Mara nyingi namba za kwetu zinaondoka, zinachambuliwa mbali, kisha zinaturudilia katika ripoti ambayo hapa hakuna mtu wa kuiuliza maswali.

Elimu inayofundisha kazi hiyo inaitwa biostatistiki. Vijana wengi waliomaliza lisanse, na wauguzi na waganga walioko kazini, wanatuuliza ni masomo gani, yanasomewa wapi na yanasaidia nini. Makala hii inajibu.

Biostatistiki ni nini

Ni elimu ya takwimu inayotumiwa kwa mambo ya uhai na afya. Munganga anamwangalia mgonjwa mmoja. Mtu wa afya ya umma anaangalia watu wa eneo zima. Mwenye biostatistiki anauliza: hiki tulichokiona kwa watu hawa wachache, ni kweli kwa wote, ao ni bahati tu? Tuna hakika kiasi gani?

Tuseme katika kituo kimoja watoto 3 walikufa kwa surua mwezi uliopita na mwezi huu wamekufa 6. Mtu atasema: "Vifo vimeongezeka mara mbili!" Inaweza kuwa kweli. Lakini inaweza pia kuwa mwezi huu watoto waliokuja ni wengi zaidi, ao muuguzi mpya anaandika vizuri kuliko wa zamani, ao ni mabadiliko ya kawaida ambayo namba ndogo huwa nayo. Biostatistiki inatoa njia ya kutenganisha mambo hayo kabla ya kupiga kengele ao kunyamaza.

Namba ya juu na namba ya chini

Asilimia yoyote ina namba mbili: ya juu ni waliopata kitu, ya chini ni wote waliopaswa kukipata. Kwetu mashariki, shida kubwa iko kwa namba ya chini.

Chukua mfano. Eneo la afya linahesabiwa kuwa na wakaaji 10,000. Katika mipango ya afya ya Kongo, wamama wenye mimba wanakadiriwa kuwa kama 4 kwa kila wakaaji 100 kwa mwaka. Kwa hiyo kituo kinangojea wamama 400. Mwisho wa mwaka, rejista inaonyesha wamama 520 walikuja CPN mara ya kwanza. Gawanya: asilimia 130. Mtu anawezaje kupita 100?

Kumbe watu walikimbia vita kwenye kijiji kingine, wakaja kupanga kwa familia katika eneo hilo. Wamama wao wamehesabiwa juu, lakini wao wenyewe hawako chini. Na kule walikotoka, unakuta hesabu inashuka mpaka asilimia 40. Kiongozi anayesoma ripoti haraka atasema muuguzi wa kule hafanyi kazi, wakati watu wake wamehama. Dawa na chanjo nazo zinagawanywa kufatana na namba hizo: eneo lililopokea watu linapata za watu 10,000, na katikati ya mwezi stoki imeisha.

Jambo hili lina mzizi mrefu. Sensa ya mwisho ya wakaaji wote wa Kongo ilifanyika mwaka 1984. Tangu pale, namba za wakaaji ni makadirio juu ya makadirio. Mwenye biostatistiki hawezi kufanya sensa peke yake, lakini anajua njia za kusahihisha: kulinganisha hesabu ya zoni na hesabu ya warelai wanaopita nyumba kwa nyumba, na hesabu ya kampeni ya chanjo, na kusema wazi makadirio yanaweza kukosea kiasi gani.

Mfano wa kwetu: Pamoja Tulinde Maisha

Kama mtu anafikiri masomo haya ni ya darasani tu, akumbuke Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri. Ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikaisha tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 waliugua, 2,287 walikufa.

Katikati ya ugonjwa huo, kulikuwa dawa nne ambazo hakuna aliyejua kwa hakika ni ipi inaponya zaidi: ZMapp, remdesivir, mAb114 na REGN-EB3. Mnamo Novemba 2018 uchunguzi ulianza, ukafanyika Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Uliitwa PALM, na herufi hizo zinatoka katika Kiswahili: Pamoja Tulinde Maisha. INRB, inayoongozwa na Profesa Jean-Jacques Muyembe, ilikuwa mmoja wa waendeshaji wake. Dawa ya mAb114 yenyewe ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995.

Mgonjwa aliyekubali kuingia alipewa dawa moja kati ya nne kwa kura. Familia inaweza kuuliza kwa hasira: kwa nini mtoto wetu anapewa dawa kwa kura? Ni swali la haki, na jibu lake ndilo moyo wa biostatistiki.

Tuseme waganga wangechagua wao wenyewe. Pengine wangempa mgonjwa mahututi dawa wanayoiamini zaidi, na mwenye nguvu bado wangempa nyingine. Mwishoni, dawa nzuri ingeonekana mbaya, sababu ilipewa watu waliokuwa karibu na kifo. Katika PALM jambo hili lilionekana wazi: hata kwa dawa mbili zilizoshinda, waliofika na virusi vichache walikufa kama 1 kwa 10, na waliofika na virusi vingi walikufa zaidi ya 6 kwa 10. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko tofauti ya dawa na dawa. Bila kura, usingejua kilichookoa mtu ni dawa ao ni kufika mapema. Kwa hiyo watafiti waligawanya kwanza wagonjwa kufatana na wingi wa virusi, kisha kura ikapigwa ndani ya kila kundi.

Jambo la pili ni lini kusimama. Kabla ya kuanza, mpaka ulikuwa umeandikwa: tofauti ikifika hapa, tunasimama. Tarehe 9 Agosti 2019, kamati huru iliyokuwa inachunga usalama wa wagonjwa, ikiwa na namba za watu 499, iliona mpaka umepitwa. ZMapp na remdesivir zikaachwa, wagonjwa waliofuata wakapewa zile mbili zingine tu. Hesabu ya mwisho ilionyesha kwamba katika siku 28, kati ya watu 100 waliopewa ZMapp karibu 50 walikufa, remdesivir, 53, mAb114, 35, REGN-EB3, kama 34. Mwaka 2022, Shirika la Afya Duniani, OMS, lilipendekeza dawa hizo mbili kwa wagonjwa wa Ebola aina ya Zaire.

Kama wangesimama mapema sana, pengine wangechagua dawa isiyo yenyewe. Kama wangechelewa, watu wangeendelea kufa kwa dawa dhaifu. Ule mpaka ni hesabu ya biostatistiki, na chini yake kulikuwa watu wa Beni na Butembo.

Kuhesabu wafu wa vita

Mfano mwingine unatugusa karibu zaidi. Kati ya mwaka 2000 na 2007, shirika la IRC lilifanya uchunguzi mara tano juu ya vifo nchini, likianzia mashariki. Lilikadiria kwamba toka Agosti 1998 mpaka Aprili 2007 watu milioni 5.4 walikufa ambao wasingekufa kama si vita na matokeo yake. Wengi hawakuuawa kwa silaha. Ni malaria, kuhara, magonjwa ya mapafu na njaa, mahali ambapo vituo vya afya vilianguka na barabara zikafungwa.

Namba hiyo ilisemwa duniani kote. Lakini mwaka 2010 watafiti wa Human Security Report, kutoka Kanada, waliipinga. Hawakusema watu hawakufa. Walisema kwamba uchunguzi wa kwanza kwanza haukuchagua mahali kwa namna ya kuwakilisha eneo lote, na kwamba kipimo cha "vifo vya kawaida" kilikuwa chini mno.

Ona uzito wa hoja hiyo kwa mfano wa hesabu, ambao si namba za uchunguzi wote. Tuseme katika watu milioni 1 wanakufa watu 2.2 kwa kila 1,000 kwa mwezi. Ukisema kawaida ingekuwa 1.5, vifo vya ziada ni 0.7 kwa kila 1,000, yaani 8,400 kwa mwaka. Ukisema kawaida ingekuwa 2.0, vya ziada ni 0.2, yaani 2,400. Wafu ni wale wale, nyumba zilizoulizwa ni zile zile, lakini jibu limegawanyika zaidi ya mara tatu, sababu ya namba moja ambayo hakuna aliyeipima kabla ya vita.

Wabishi wa pande zote mbili walikuwa wasomi wa ng'ambo. Wenye wafu hatukuwa na wengi kwenye meza ile. Hii ndiyo sababu tunasema masomo haya si ya kupata cheti tu.

Darasani munasoma nini

Kufatana na mfumo wa LMD, ulioanza kuingizwa katika vyuo vyetu tangu mwaka wa masomo 2021-2022, lisanse ni miaka 3, masta ni miaka 2 yenye kredi 120, kisha doktora. Biostatistiki inasomwa zaidi kwenye masta. Mambo makubwa ni haya:

Kwanza, hesabu ya bahati, yaani jinsi ya kupima kitu kisicho na hakika. Bila msingi huo mengine yote yanakuwa kukariri.

Pili, kuchagua sampuli. Wanafunzi wengi wa ISTM na wa vyuo vyetu wanaijua namba 384 kwa kichwa: watu 384 kwenye tefe. Wachache wanajua inatoka wapi. Ni idadi inayotosha kama unatafuta asilimia isiyojulikana (wanaichukua kuwa 50), ukikubali kukosea kwa pointi 5 juu ao chini, ukitaka uhakika wa 95 kwa 100, na kama watu wamechaguliwa mmoja mmoja kwa kura katika wakaaji wengi. Lakini ukichagua vijiji kwanza, kisha nyumba ndani ya kijiji, watu wa kijiji kimoja wanafanana: wanakunywa maji mamoja, wanaenda kituo kimoja. Mara nyingi inabidi kuzidisha kwa 2, inakuwa 768. Na kama unalinganisha dawa mbili, 384 haina maana kabisa. Kuna hesabu nyingine.

Tatu, kulinganisha mambo mengi pamoja. Kama watoto wa wamama wasiosoma wanaugua zaidi, ni sababu ya kutosoma, ao umasikini, ao umbali na kituo? Kuna njia za kuyapima yote mara moja ili usilaumu kisicho na kosa.

Nne, hesabu ya muda: mgonjwa wa sida ao wa kifua kikuu anaishi muda gani baada ya kuanza dawa, na ufanye nini na wale waliopotea bila kurudi. Kwetu, ambako watu wanakimbia, wanaopotea ni wengi, na ukiwatupa nje ya hesabu jibu linakuwa zuri kuliko ukweli.

Tano, kupanga uchunguzi wa dawa na chanjo, pamoja na haki za wanaochunguzwa. Na sita, kazi ya mashini: kusafisha namba, kuchora, kuchambua, kuandika ripoti inayoeleweka na daktari mkuu wa zoni.

Nani anaweza kuingia

Waganga, wauguzi A0, wafamasia, watu wa laboratwari, wa afya ya jamii, na pia waliosoma hesabu, takwimu, uchumi ao informatiki. Kila kundi lina udhaifu wake. Mtu wa afya anajua ugonjwa lakini hesabu aliiacha kwenye sekondari. Mtu wa hesabu anajua fomula lakini hajui kwamba rejista ya maternite inajazwa usiku kwa mwanga wa tochi. Shule nyingi zinaomba diploma ya lisanse na maksi nzuri, barua ya kueleza nia, na barua za walimu. Wengine wanauliza pia uzoefu wa kazi.

Ndani ya inchi, Shule ya Afya ya Umma ya Kinshasa, ya Chuo Kikuu cha Kinshasa, ilianzishwa mwaka 1984 kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Tulane cha Marekani. Karibu nasi, Université Catholique de Bukavu ina shule yake ya kimkoa ya afya ya umma, na Chuo Kikuu cha Lubumbashi pia kina yake. Katika shule za namna hii, biostatistiki na epidemiolojia ni somo la lazima ndani ya masta ya afya ya umma. Ni mlango mzuri kwa mtu aliye kazini.

Anayetaka masta ya biostatistiki yenyewe, mara nyingi anatoka nje. Nairobi kuna masta ya takwimu za tiba. Johannesburg, Chuo Kikuu cha Witwatersrand kinaongoza muungano wa vyuo vya Afrika juu ya biostatistiki, unaoitwa SSACAB. Ufaransa, shule ya ISPED ya Bordeaux inafundisha kwa Kifaransa. Ubelgiji, Chuo Kikuu cha Hasselt kinafundisha kwa Kiingereza.

Bei, lugha na mashini

Tuseme wazi: bei inazuia wengi. Kusoma nje bila bursi ni kazi ngumu kwa mshahara wa muuguzi. Shirika la VLIR-UOS la Ubelgiji ni mmoja wa wanaotoa bursi kwa wanafunzi wa inchi kama yetu. Miradi ya utafiti nayo husomesha watu wake. Masharti na tarehe hubadilika kila mwaka, kwa hiyo soma tangazo la shule yenyewe. Mtu akikuomba franga ili "akuingize" kwenye bursi, kimbia. Gharama za kawaida za kujiandikisha zinalipwa kwa shule, na unapewa risiti.

Lugha ni kizuizi cha pili. Vitabu vingi na programu nyingi ni kwa Kiingereza. Anza kukisoma mapema, hata dakika 30 kwa siku.

Mashini haiko kizuizi kama watu wanavyofikiri. Programu ya R ni ya bure, na ukishaipakua inafanya kazi bila intaneti. Epi Info ni ya bure pia. KoboToolbox inakusanya majibu kwenye simu, hata pasipo rezo, kisha inatuma ukifika mahali iko. Stata na SAS zinauzwa bei kubwa. Usiibe kopi, jifunze R.

Kazi baada ya masomo

Wenye elimu hii wanatakiwa kwenye ofisi za zoni, kwenye divisheni za afya za majimbo, kwenye programu ya chanjo, INRB (ambayo ina laboratwari Goma), vyuo vikuu, hospitali zinazofanya utafiti na mashirika ya misaada. Lakini hatudanganyi: mashirika yanalipa vizuri kuliko serkali, na mikataba yao ni mifupi. Wengi wanaosomea ng'ambo hawarudi. Anayerudi zoni anaweza kukuta ofisi yenye mashini moja kwa watu watano.

Hata hivyo, kazi yake inaonekana haraka. Mtu mmoja anayejua kusoma mfululizo wa wiki kwa wiki anaweza kuona kolera inaanza kupanda kabla ya vitanda kujaa. Anaweza kumwambia daktari mkuu kwamba ile asilimia 130 si sifa, ni watu waliokimbia ambao hawana chanjo ya kutosha.

Uanze wapi sasa

Kama uko kituoni, anza na rejista yako. Chukua miezi 12 ya ugonjwa mmoja, chora mstari, uliza kila kupanda na kushuka kunatoka wapi. Kama uko mwanafunzi, usinakili 384 ya mwenzako. Andika kwa nini umechagua idadi yako. Kama uko mwalimu wa hesabu, tembelea kituo cha afya cha kartie yenu, uone namba zinavyozaliwa.

Na wewe mkaaji wa kawaida, ukisikia kwenye redio kwamba "asilimia 90 ya watoto wamechanjwa", uliza: 90 kwa 100 ya watoto gani, waliohesabiwa na nani, mwaka gani? Ni swali ambalo muuguzi wako atafurahi kulijibu, sababu na yeye analiuliza kila mwisho wa mwezi.